Kipimo cha Chumvi

Karatasi tatu mezani. Duluth, mwezi wa pili,
ziwa limeganda dirishani, halionyeshi mwisho wake.
Bi Maila Xiong amezipanga kama mcheza karata
asiyetaka kumshinda mtu.

Hii ya kwanza, asema, saa moja kwa juma.
Unakuja, tunazungumza, unarudi kazini.
Hii, jioni tatu, saa tatu tatu, mko kikundi.
Na hii (akanyamaza kidogo) ni kila siku,
asubuhi hadi saa tisa, Jumatatu mpaka Ijumaa.
Usiku unalala kwako.

Mimi naendesha greda la theluji, mwaka wa kumi na tisa.
Nilikwisha chagua kabla hajamaliza.
Saa moja yaingia mfukoni
kama glavu, nani ataiona?
Nikampa na sababu: bima, zamu ya usiku,
mama kule Proctor, hata paka.

Akauliza swali lisilo kwenye fomu:
"Bwana Haugsrud, chumvi ya barabarani mnaipimaje?"

Nikacheka. Hilo nalijua.
Utando mwembamba, unanyunyiza, unapita.
Barafu nene kama kidole, unafungua zaidi.
Lakini ile nyeusi, isiyoonekana,
ile inayojifanya lami,
hapo huionei chumvi uchungu.
Ukitia kidogo yayeyuka juu tu,
kisha yaganda tena, laini kama kioo,
mbaya kuliko ulivyoikuta.

Hakusema kitu.
Kalamu yake ilikuwa imelala.

Basi nikamwambia habari za daraja.
Usiku wa Jumanne, katikati, nilisimamisha gari,
taa za njano zinazunguka, zinazunguka,
nikashuka bila koti.
Nilipandaje tena, sijui.
Nakumbuka redio ikiniita kwa namba.

Akauliza, leo uko salama?
Leo, ndiyo.
Akaandika: leo.

Nikaisukuma ile ya saa moja pembeni,
kisha ile ya jioni,
kama sahani ya chakula kisichopita kooni.

Garini nikampigia Gunnar wa karakana.
Nilikuwa nimeshatunga uongo wa mgongo.
Ulimi ukaukataa.
Ni kichwa, Gunnar. Majuma sita. Labda zaidi.

Nyuma yake mashine ya kahawa ilikoroma, ikanyamaza.
"Funguo ziache kisandukuni," akasema.
Kisha, nikidhani ameshakata:
"Kaka yangu alikwenda hapo. Egesha upande wa nyuma.
Mbele hawajui kuondoa theluji."