Mshono wa Tena

Jumanne, chumba cha chini ya kanisa, Manitoba.
Theluji imeziba nusu ya madirisha.
Sisi saba na cherehani nne,
moja ina kigugumizi.

Mfarishi wetu hauna makuu:
mapazia ya hoteli iliyofilisika,
suruali za marehemu, zipu tumezitia koponi,
gauni la mtu aliyenenepa,
begi zima dola mbili kwa muuza mitumba.
Bitana ni shuka kuukuu.
Katikati, blanketi lililokwisha manyoya.
Hatudarizi maua. Tunapiga mafundo ya sufu,
kila upana wa kiganja fundo moja,
maana baridi haingoji urembo.

Agatha hukata; kipimo chake ni kifuniko cha boksi la biskuti.
Sara Dyck hupiga pasi na kusengenya.
Tena Wiebe hushona. Miaka themanini na tisa,
jicho moja lina ukungu, la pili lina kiburi.
Mshono wake huondoka vizuri,
kisha, kama mlevi anayetafuta mlango wake,
huyumba kushoto, hukumbuka, hurudi.

Nami, Mungu anisamehe, ni mwizi wa mishono ya Tena.
Kipande chake nakitia mkobani,
usiku nakifumua, nakinyoosha,
na wiki ya pili yeye hukipapasa:
"Mkono bado upo."
Naitika, "Upo."

Juzi nilikuwa na wembe mkononi, taa karibu,
kiraka cha michirizi ya buluu, kiraka cha kahawia,
na kati yao ile njia iliyopotoka.
Kidole kikaifuata. Sikukituma.

Nina miaka sita. Kambini. Vita vimekwisha
ila hakuna aliyetuambia twende wapi.
Mama analala ameukalia mkate.
Blanketi limetoka ng'ambo, halina jina la mtu,
limeungwaungwa, na karibu na kidevu changu
mshono mmoja umekosewa.
Kila usiku kidole kilisafiri humo:
huu mto, hili daraja,
hii kona ya nyumba yetu,
hapa ndipo paka hulala.
Mishono iliyonyooka haikunipeleka popote.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri
(sitamalizia, tupo kanisani).
Hawakusema neno juu ya ile iliyotolewa
na mtu asiyetaka irudi.

Niliurudisha wembe kwenye droo, kati ya vifungo.

Leo tumekunja kumi na miwili, tumeifunga kamba;
lori litakuja Ijumaa.
Tena akapapasa wa juu, akakunja uso.
"Hapa nimeharibu. Nani kauacha hivi?"
"Mimi," nikasema. "Na usipaguse."

Sara akageuka kutusikiliza vizuri,
pasi ikaunguza shuka.