Ulimi wa Zumari

Aija, Suri, usiku wa manane.
Nyuma ya ukumbi mwana wa Sarhani
anachoma maboksi ya chupa za maji
ngozi ya msondo ipate joto, ikaze.
Unyevu wa Agosti umeilegeza,
ikipigwa inasema bo,
kama mtu aliyeamshwa kwa jina la mwingine.

Sisi tumekaa. Viti vya plastiki,
halua inayonata kwenye simu.
Nimetoka Mabela kwa ajili ya harusi tu;
tangu eda yangu iishe
miguu hii ni ya sokoni na hospitali.

Chapuo likauliza.
Msondo ukanyamaza, ukanyamaza, ukajibu.
Na Bi Thuwaiba, sabini na kitu,
goti moja la chuma,
akainuka kabla ya zumari.
Kabla! Niliona.
Bega lake la kushoto lilishaijua sauti
ambayo Sarhani alikuwa bado kaificha shavuni.

Duara likazunguka kinyume na saa ya ukutani.
Waliimba Kiswahili kilichokatika mikia.
Kijana mmoja akaniinamia: khala, maana yake nini?
Nusu naijua, nikamwambia,
nusu umeisema wewe sasa hivi kwa kiuno.
Mcheza kwao hutunzwa, tulikuwa tukisema;
sikumuuliza kwao ni wapi,
naye, kwa adabu, hakuniuliza mimi.

Hapo ndipo ulimi wa zumari ulipopasuka.

Sarhani akapapasa mfuko wa kanzu,
wapigaji wakainua viganja kumngoja,
nikasema basi, kumekatika.
Hakuna aliyesimama.
Sha, mchanga. Sha-sha, mchanga.
Fimbo zikashuka pamoja, pasipo kitu cha kuzishusha.
Wimbo ulikuwa umehamia chini,
unapita kwenye nyayo kama maji ya falaji
yanavyopita chini ya ukuta wa jirani
yakatokea upande wa pili bado ni yale yale.

Sarhani akatia ulimi mpya, akaulowesha.
Hakupuliza.
Aliitazama miguu kwanza, kichwa upande,
kama mtu anayesomewa barua yake.
Kisha akaingia,
si pale alipoachia yeye,
pale ilipofika miguu.

Msiniulize nani humfuata nani.
Mimi nilijikuta nimesimama karibu na msondo,
baibui limejaa vumbi hadi magotini,
na kiatu changu kimoja
mpaka leo sijakiona.