Sikudhani Anajifunza Kutoshangaa

Darasa la jioni, Magomeni Mikumi,
juu ya duka la vipuri vya pikipiki.
Mwalimu Lyatuu kapiga mstari ubaoni:
leo, semi za mtu asiyeshangaa.

Waingereza, anasema, hawaguni, hawabetui midomo.
Husema: niambie nisilolijua.
Husema: na jipya ni lipi?
Husema: nililiona likija toka maili nzima.
Maili, si kilomita. Tunaandika maili.

Umeme unakatika.
Hakuna aliyesema lo.
Chande keshawasha tochi ya simu
kabla feni haijamaliza kuzunguka.
"Haya," sauti ya mwalimu gizani, "hilo nalo mlisemeje?"

Nilijua tu, anasema mmoja.
Ndo zao hao, anasema mwingine.
Mimi namfikiria mama,
ambaye hasemi kitu. Husonya.
Msonyo mmoja, mrefu kama bili ya maji
ya mwezi ambao bomba halikutoa tone.
Siku baba alipohamia kwa yule wa Tandika,
godoro letu juu ya guta, limefungwa kwa kamba ya katani,
mama alisonya,
akarudi uani kuanika kanga.
Nilikuwa na miaka tisa. Nikadhani hakuumia.

"Na wewe, Sikudhani? Mfano."
Darasa linacheka; jina limeshanijibia.

Niwaambie nini?
Kwamba mama alikuwa na arobaini na tatu,
akadhani ni vidonda vya tumbo,
akatafuna vidonge vya chokaa miezi mitano,
mpaka nesi wa Mwananyamala, mkono tumboni, akamwambia:
dada, hiki kidonda kinapiga teke.
Kwamba alisema neno moja tu,
na alipoulizwa baadaye jina la mtoto
akalirudia lilelile,
karani akaliandika bila kuinua uso.

Sisemi. Nasema, "Nililiona likija toka maili nzima,"
kwa Kiingereza safi, na mwalimu anasema vizuri.

Kisha taa zinarudi,
na darasa zima, watu wazima wenye vitambulisho vya kazi,
Chande na kipara chake, mwalimu na chaki yake,
tunapiga yowe kama watoto: yeeeee!
Mpaka mtaa wa pili nao wanapiga.
Jana ulirudi. Juzi ulirudi.

Pembeni mwa daftari nachora alama ya kuuliza:
hili nalo, kwao, wanaliitaje?