Hakuna Kilichoota

Kibandiko kilisema: Tzul, Wilfredo.
Jicho la kulia. Amechapwa na jani la mnyanya,
Leamington, ndani ya shamba la vioo.
Sura yake siijui. Namjua kwa mikwaruzo
aliyoichora Daktari Haldane kwa ncha ya sindano
juu ya sahani yangu: C, C, C,
kama mtoto anayefunzwa kuandika.

Kule kliniki walimpa matone ya bakteria,
kisha ya kutuliza wekundu.
Wekundu ukatulia.
Kilichouleta kikanenepa.

Siku ya kwanza: hakuna kilichoota.
Siku ya pili: hakuna kilichoota.
"Tupa," akasema Gordon, "kabati la joto limejaa."
Nikaizungushia utepe, nikaificha
nyuma ya makohozi ya watu wengine.
Mama yangu aliuza vitumbua Pangani.
Hamira nayo ni ya ukoo huo;
najua kungoja kitu kinachochelewa kuumuka.

Siku ya tano, alfajiri, Mto Detroit umefunikwa,
Marekani ya ng'ambo haionekani,
na juu ya C ya tatu, pamba.
Nyembamba, nyeupe, waridi kwa chini.
Lugha yangu ina neno moja tu: ukungu.
Ulio mtoni. Ulio mkateni.
Ulio mbele ya Wilfredo kila anapofumbua.
Hadubini ikaonyesha vipande vilivyopinda
kama kucha zilizokatwa.
Nikapiga simu hata glavu sijavua.

Macho hayana pazia, tunasema.
Lake lilikuwa likishonewa, uzi kwa uzi,
kutokea ndani.

Natamisini, nyeupe kama tui,
tone kila saa, mchana na usiku.
Muuguzi alinisimulia: bwenini kwao wamegawana zamu,
Eliseo saa sita, Macario saa saba,
Don Chepe saa nane kwa sababu halali hata hivyo;
kila mmoja na tochi mdomoni,
vidole vya kuchuma nyanya
vikipanua kope za mwenzao.

Wiki ya kumi kibandiko kikarudi.
Jina lile, jicho lile, C tatu.
Nilingoja siku kumi na nne. Gordon hakusema kitu.
Kisha nikaandika
maneno yaleyale yaliyotaka kunidanganya mwanzoni:
hakuna kilichoota.

Kovu limebaki, lasema faili. Anahesabu vidole
kwa umbali wa meza.

Dirishani mto ulikuwa umefunikwa tena.
Sikungoja ufunuke.
Zamu imekwisha, na nilikuwa na njaa.