Spana ya Tano

Ijumaa, soko la Wadi Kabir, kabla jua halijakaza,
nilinunua kifuko cha turubai kwa riali tatu na nusu
kwa Mbalushi aliyekuwa akiuza pia redio na kitanda cha mtoto.
Ndani, spana tano za pikipiki ya zamani
zimeng'ang'aniana kwa kutu kama ndugu kwenye mirathi.

Nikazilaza kwenye siki siku mbili.
Shinuna akauliza kama lile ndilo bakuli la achari.
Ndilo.

Kisha mswaki, kisha chaki ndani ya herufi,
kisha karatasi nyembamba na penseli iliyolazwa:
jina huja polepole
kama mtu aliyeitwa akiwa chumba cha mbali.

Ya kwanza ina nyuki, bawa moja limelika.
Ya pili, herufi mbili ndani ya almasi.
Ya tatu haina chapa, lakini shingo yake naijua,
ni wale wale wa nyuki, wamebadili kalibu tu.
Na namba zao zisikuhadae:
si upana wa mdomo, ni unene wa bolti,
ndivyo walivyopima. Bisha, uharibu nati.

Ya nne nilikosea. Niliandika Bamingham kwa wino,
wiki ya pili nikaikata.

Ya tano haina kitu.
Hakuna mshono wa kalibu ubavuni,
taya moja nene kuliko mwenzake,
tupa imepita, ikarudi, ikapita tena.
Nikampelekea Kunjumon, mwenye mashine ya kukereza mlango wa pili.
Akaigonga kwenye jiliwa, akatega sikio,
akasema kwa Kiarabu chetu cha gereji:
"Springi ya lori hii. Mtu kaifua usiku."
"Usiku umejuaje?"
Akacheka, akawasha mashine yake.

Mnunuzi wa Dubai anataka seti ya asili.
Hiyo ya tano, anasema kwenye simu, itupe,
yeye atatafuta yenye nyuki.
Tumepatana bei ya nne.

Nimeijaribu kwenye kila nati iliyomo kwenye kopo langu.
Si inchi, si milimita.
Ilikatiwa nati moja, kona zimekwisha kuliwa,
ya mtu aliyekuwa na safari asubuhi.

Daftarini, penye Mtengenezaji, nimeacha wazi.
Penye Saizi nimeandika:
ya nati ile.