Kumi kwa Kila Mechi

Nyuma ya duka la mbolea, Webuye,
mji ambao kiwanda cha karatasi kiliuachia kimya chake,
nina chumba cha mabati, runinga mbili,
na mashine nyeusi aliyoniachia kaka yangu Kundu
siku aliyopanda ndege kwenda kulinda lango la tajiri Doha.
"Ni yako, Nanjala," alisema. "Imelipwa yote."
Neno hilo, imelipwa, nililikunja
nikalitia mfukoni mwa koti kama risiti.

Wavulana huja na sarafu zenye jasho.
Mshindwa huinuka, mshindi hukaa.
Naandika kwa penseli, daftari la kurasa thelathini na mbili:
Simiyu, kumi. Barasa, kumi.
Yule mdogo wa Mama Nelima, deni.

Januari mashine ikadai ada ya mwezi. Nikalipa.
Machi ada ikapanda bila kupiga hodi.
Juni ikapanda tena, safari hii na ujumbe wa tabasamu:
tunaboresha huduma yako.
Huduma yangu ni feni inayokohoa na benchi mbili.
Nani aliiboresha?
Mechi mia moja na arobaini kila mwezi
kabla sijagusa unga.

Kisha vikaja visanduku.
Umenunua mchezo, lango limefunguka,
ndani ya lango kuna lango, na mkono ulionyooshwa.
Jezi nyekundu, lipa. Uwanja wenye mvua, lipa.
Mvua! Hapa Webuye hunyesha bure saa tisa alasiri
mpaka sauti ya runinga inazama.
Na mshambuliaji mwenye mbio yumo kisandukuni, labda.
Labda.

Mukhwana, miaka kumi na mitatu,
alifungua kimoja kwa pesa za vitunguu vya mama yake.
Skrini ikawaka dhahabu, fataki, ngoma,
tukasimama sote, hata mimi,
akatoka kipa wa akiba.
Hakulia. Alisema tu, "Tena,"
na neno hilo likanitia baridi kuliko kilio.
Nikazima mashine. Nikampa mia mbili kutoka kwenye kopo,
vitunguu vikafika nyumbani.
Sikuandika. Sikujua niandike jina la nani.

Cha kuazima hakisitiri, walisema waliotutangulia.
Hawakuona siku
utakaponunua kitu na bado kikawa cha kuazima.

Jumamosi ya fainali watu walijaa hadi dirishani.
Mbili kwa mbili, dakika ya themanini na moja,
Barasa yuko peke yake na kipa,
mguu umeinuliwa,
na skrini ikaganda: uanachama wako umekwisha.
Barasa akanigeukia
kama mtu aliyemwona refa akipokea bahasha.

Nikafungua droo. Chini ya waya na betri zilizovimba
kulikuwa na diski ya Kundu ya miaka ile,
imekwaruzwa kama kiganja cha mkata miwa.
Nikaifuta kwa upindo wa leso.
Nikaung'oa waya wa intaneti, nikautupa nyuma ya kabati
na sikuuangalia ulikoangukia.

Wachezaji wake wamestaafu.
Mmoja amenenepa, sasa ni kocha.
Mwingine tulisikia kwenye redio kwamba amefariki.
Humo ndani wote wangali vijana,
wanakimbia, wanatema mate nyasini,
hawajui bei ya chochote.

"Lakini jezi ni za kizamani," Simiyu akanung'unika.
Hakuna aliyemjibu. Wakaanza upya, sifuri kwa sifuri.
Mvua ikaja kwa saa yake, ikapiga mabati,
na tukawa tunayaona mabao bila kuyasikia.

Baadaye Mukhwana akasogea mezani, ngumi imefumbwa.
"Hii ya zamani ni bei gani?"
"Kumi."
"Halafu?"
Akasubiri. Akatazama skrini, akanitazama mimi,
akitafuta lango la pili.
"Halafu unacheza, alaa. Keti."