Daftari la Kafubu

Januari. Mto umepanda hadi matuta ya Mama Chola,
mahindi yake yamesimama majini kiunoni
kama watu wanaongoja kubatizwa.
Kobe wa maji wanaogelea baina ya mistari ya shamba.
Tumemnasa mmoja alfajiri, mimi na Kapya,
kwa wavu na kichwa cha kambale.

Kazi yenyewe haina adabu.
Unasubiri atoe shingo, naye huitoa ubavuni,
kama mdaiwa anayechungulia mlangoni.
Unampitisha mpira mwembamba kooni,
unasukuma maji polepole,
naye anarudisha kila alichokula
juu ya chujio la chai la nyumbani kwetu.
(Mama bado analitafuta.)

Nimeandika kwa biki ya bluu:
tini, nusu. Mbegu za masuku, tano.
Mabawa ya kumbikumbi, hayahesabiki.
Panzi. Jani la yungiyungi.
Namba kumi na saba, jike,
mapengo mawili ya msumeno ukingoni mwa gamba, kulia.
Ameshiba mpaka pumzi yake inanuka matunda.

Mwezi huohuo, kwetu, unga umepanda bei mara mbili.
Mama anasonga bukari laini,
laini kuliko ya jana,
anasema tumbo halina macho.

Mei. Maji yamerudi kitandani mwake,
nyasi za ukingoni zimelala upande mmoja, zimechanwa.
Chujioni: konokono, konokono, mguu wa kaa,
magamba ya perege aliyekufa mapema.
Kapya anasema mto ukipungua
hata mla maua hunoa kisu.
Nikamwambia aliandike hilo. Akakataa:
maneno si takwimu.

Julai, baridi inauma vidole.
Namba kumi na saba ametoa maji matupu.
Niliandika: hakuna.
Neno likakaa vibaya kwenye mstari,
nikaongeza: matope, kidogo.

Nyumbani gunia limesimama wima pembeni mwa mlango,
tunachoma, tunachemsha, tunagawa.
Njaa yake na yetu zinapokezana zamu
kama wachimbaji mdomoni mwa shimo:
huyu anapanda na taa yake imezimwa,
yule anashuka na yake inawaka,
wala hawasalimiani.

Oktoba. Joto. Kafubu ni madimbwi yaliyoungwa kwa uzi.
Tumemtapisha tena.
Kitu cheupe, kizito, kinanata.
Nikakisugua kati ya vidole
na vidole vikajua kabla yangu.
Bukari.
Makoko ya sufuria, pale mawe meusi
ambapo wanawake wetu huosha vyombo jioni.
Daftari lina safu nne:
mimea, wanyama, mizoga, mengineyo.
Kapya akasema, weka mimea, mahindi ni mimea.
Nikafikiria mwiko wa Mama, mkono wake, jasho lake kwenye mvuke.
Nikaweka mengineyo.

Februari. Mvua siku nne bila kuvuta pumzi.
Mahindi ya Mama Chola yamezama hadi shingoni,
halafu hata shingo haionekani.
Nilipita kumpa pole, nikakuta moshi, watoto watano, sufuria.
Mdogo wao, Numbi, alikuwa amekaa kizingitini
akipiga gamba kwa kijiko.
Sikutaka kutazama ukingo wa kulia.
Nikautazama.

Mama Chola akasema, kaa, ule, mtoto wa jirani hahesabiwi.
Nikakaa.

Usiku nikafungua daftari, taa ikitetemeka.
Namba: kumi na saba.
Msimu: mvua.
Chakula: nyama, nyanya mbili, chumvi kidogo,
bukari laini.
Safu ya nani kala haipo,
hatukuichora.
Nilikuwa nimetafuta ladha ya tini kwenye mchuzi,
nikaitafuta kwa ulimi, nyuma ya meno.
Kitunguu tu.

Kiasi: bakuli moja. Sikubakiza.